XM25: Kirusha Guruneti Kilichozikwa na Herufi Yake ya X

Jeshi la Marekani huita silaha zake kwa herufi na namba. Silaha iliyokwisha kubaliwa hupewa M, na ile ambayo bado inajaribiwa huwekewa X mbele ya hiyo M. Bunduki ya M16 iliwahi kuandikwa XM16E1. Kirusha guruneti cha M203, kile kinachofungwa chini ya mtutu wa bunduki, nacho kilianza kama XM203. Baadaye zote mbili zikavuliwa X, zikagawiwa vikosini na kuzeekea huko.

XM25 haikuvuliwa. Ilifyatuliwa vitani Afghanistan, ikasifiwa na makamanda, askari wakaibandika jina la Punisher, yaani mwadhibu, na ukawekwa mpango wa kuinunua kwa maelfu. Julai 2018 mradi wake ukafungwa rasmi, X ikiwa bado palepale.

Ukiuliza kilichoiua, jibu utakalopewa mara nyingi ni moja kati ya mawili: ilikuwa ghali mno, au ilimjeruhi askari aliyeishika. Yote mawili ni kweli. Lakini majeshi hununua silaha ghali kila mwaka, na silaha nyingi zilizowaumiza watu wakati wa majaribio zilirekebishwa zikaingia kazini. Kilichoishinda XM25, kwa maoni yangu, ni hesabu ya uzito na nafasi. Guruneti dogo lilipewa akili, akili hiyo ikala nafasi ya baruti. Na askari aliyekabidhiwa silaha yenyewe alilazimika kuiacha bunduki yake kambini. Mengine yote, mpaka kesi mahakamani, yalikuja juu ya hayo mawili.

Mtu aliye nyuma ya ukuta

Risasi haikati kona. Mtu akishaingia handakini, au akijibanza nyuma ya jiwe au ukuta mnene, bunduki inayomtafuta kwa mbele inaishia kutoboa vumbi. Jambo hili ni la zamani kama bunduki yenyewe, lakini kusini mwa Afghanistan Wamarekani walikutana nalo kila siku.

Katika mkoa wa Kandahar wakulima hujenga vibanda vya kukaushia zabibu. Kuta zake ni za udongo, nene, zilizokauka zikawa ngumu, na zina matundu membamba mengi ya kupitisha upepo. Kwa mkulima ni ghala zuri. Kwa mtu mwenye bunduki ni ngome: anapenyeza mtutu tunduni, anafyatua, anarudi kando. Askari waliolala kifudifudi mita 400 kutoka hapo wanaweza kuupiga ukuta huo risasi mia tano na usidondoshe zaidi ya mabonge ya udongo.

Wana nini kingine? Guruneti la mkono halifiki. Kijana mwenye mkono mzuri hulirusha mita 30 au 40. Kirusha guruneti cha kawaida kinafika. M79, iliyoingia jeshini mwaka 1961 na kupata umaarufu Vietnam, na M203 iliyofuata, hurusha guruneti la milimita 40 linalopinda hewani kama jiwe lililotupwa juu ya ua. Hufika mpaka mita 350 ukilenga eneo pana, ila kwa shabaha ndogo kama dirisha, ukivuka mita 150 unabahatisha. Isitoshe, guruneti hilo hupasuka linapogonga kitu. Likigonga ukuta, linapasukia upande wa mbele, adui yuko upande wa nyuma. Likipita juu ya ukuta, linakwenda kuangukia mbali shambani.

Iliyobaki ni kuita mota, mizinga au ndege. Hizo huchukua dakika, wakati mwingine nyingi, na bomu la ndege halimchagui mtu mmoja katika kijiji. Ndiyo maana ilifika mahali makombora ya Javelin, yaliyoundwa kuvunja vifaru na yaliyokuwa yakigharimu makumi ya maelfu ya dola kila moja, yakawa yanafyatuliwa kwa watu wawili au watatu waliojificha nyuma ya mawe.

Kwa hiyo kilichotafutwa kinaelezeka kwa sentensi moja. Guruneti lipite kidogo tu juu ya ukuta, lipasuke hewani palepale, na vipande vyake vimwagike upande wa pili. Kulifanya litii ndiko kulikochukua nusu karne.

Mababu wa XM25

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Marekani ilikuwa na mradi ulioitwa SPIW. Ulitaka askari mmoja abebe silaha moja yenye mambo mawili ndani yake: bunduki inayorusha vijishale vyembamba vya chuma badala ya risasi za kawaida, na kirusha guruneti chenye uwezo wa kupiga mara kadhaa bila kujazwa upya. Sharti lilikuwa kwamba vyote hivyo, vikiwa vimejazwa, visizidi pauni 10, yaani kama kilo 4.5. Mwaka 1964 ikaletwa mifano minne kutoka kwa watengenezaji wanne. Hakuna aliyefaulu. Kitu kimoja kilichobaki na manufaa baada ya miaka hiyo ya mahangaiko ni cha kawaida kabisa: M203, bomba moja, guruneti moja, chini ya bunduki.

Miaka ya 1990 ndoto ileile ikarudi kwa jina jingine, XM29. Safari hii bunduki ya risasi za milimita 5.56 ilifungwa pamoja na kirusha guruneti cha milimita 20, na juu yake darubini yenye kompyuta. Walioungana kuijenga ni Alliant Techsystems ya Marekani, wengi wakiijua kama ATK, na Heckler & Koch ya Ujerumani, kampuni ileile iliyotoa bunduki ya G3 ambayo Wakenya wengi wameiona begani mwa askari wao. Uzito uliolengwa ulikuwa pauni 14. Mifano ikatoka na pauni 18, zaidi ya kilo 8. Halafu majaribio yakaonyesha jambo baya kuliko uzito: guruneti la milimita 20 lilikuwa dogo mno. Lilipasuka mahali lilipoamriwa, kisha halikudhuru vya kutosha.

Jeshi likaivunja XM29 vipande viwili. Upande wa bunduki ukawa XM8, nayo ikafutwa mwaka 2005. Upande wa guruneti ukapanuliwa kutoka milimita 20 hadi 25, ukapewa kitako na kifyatulio chake, ukaitwa XM25. Milimita 25 hazikuokotwa hewani. Tayari ulikuwepo mradi jirani, XM307, wa silaha nzito ya kuwekwa juu ya miguu mitatu, iliyotumia guruneti la kipenyo hicho. XM307 ilifutwa mwaka 2007. Ukihesabu, hiyo ni familia nzima ya silaha zenye X, na XM25 ndiyo pekee iliyobaki hai.

Guruneti linalohesabu

Hapa ndipo panaponivutia zaidi, na nitakaa kidogo, kwa sababu watu wengi husema tu kwamba guruneti hilo lilikuwa na akili bila kueleza akili yenyewe ni ipi.

Askari ameshika XM25. Ni silaha fupi, urefu wake sentimita 75 hivi, magazini iko nyuma ya kifyatulio karibu na bega, na ndani yake mna maguruneti manne. Juu yake imekaa darubini nene kuliko mtutu wenyewe. Anaielekeza kwenye ukuta na kubonyeza kitufe. Mwali wa leza unakwenda ukutani na kurudi, na ndani ya darubini inaandikwa namba: 400. Lakini adui hayupo ukutani, yupo nyuma yake. Askari anabonyeza tena, anaongeza mita moja. Inakuwa 401. Kompyuta inachukua umbali huo, inaangalia joto la hewa, mgandamizo wake, na kama mtutu umeelekea mlimani au bondeni, kisha inamchorea alama mpya ya kulengea, juu zaidi ya ile ya mwanzo kwa kuwa guruneti litapinda. Anainua mtutu mpaka alama ikae juu kidogo ya ukingo wa ukuta. Anafyatua.

Kabla halijatoka ndani ya mtutu, guruneti limekwisha ambiwa namba yake. Silaha imezungumza na chipu iliyomo ndani ya kilipuzi na kuipa maagizo ya umbali. Swali ni hili: likiwa hewani, kitu kidogo kama hicho kitajuaje kwamba kimefika mita 401?

Jibu la haraka ni saa. Guruneti likitoka kwa kasi ya mita 210 kwa sekunde, ihesabu itachukua muda gani kufika, halafu ipasue. Tatizo ni kwamba baruti haifanani kila siku. Siku ya joto huwaka kwa nguvu zaidi, siku ya baridi kwa uvivu. Tofauti ya asilimia moja tu ya kasi, kama mita 2 kwa sekunde, inatosha kulifanya guruneti lipasuke mita 4 mbele au nyuma ya mahali palipokusudiwa. Kwa ukuta ambao nyuma yake mtu amejibanza mgongo kwa mgongo na udongo, mita 4 ni kukosa kabisa.

Kwa hiyo wakaachana na saa, wakahesabu mizunguko. Ndani ya mtutu mna mifereji iliyopinda, ile inayoifanya risasi yoyote izunguke ili isiyumbe njiani. Guruneti nalo hutoka likizunguka, na kila mzunguko mmoja hulisogeza mbele kiasi kinachojulikana. Fikiria gurudumu la baiskeli. Ukijua kwamba likizunguka mara moja unasogea mita 2, huhitaji saa kujua umekwenda umbali gani. Uende mbio au polepole, mizunguko 200 ni mita 400. Guruneti likitoka kwa kasi zaidi, linazunguka kwa kasi zaidi pia, na hesabu inabaki karibu ileile. Hewani mambo hayanyooki kama barabarani, maana upepo hupunguza mwendo upesi kuliko unavyopunguza mzunguko, lakini kompyuta imekwisha kulijumlisha hilo katika namba iliyotoa.

Na hiyo mizunguko inahesabiwaje na kitu kisicho na jicho wala mguso na ardhi? Kwa usumaku wa dunia. Kihisi kidogo ndani ya guruneti kinapozunguka katika usumaku huo hutoa mpwito wa umeme, unapanda na kushuka, mara moja kwa kila mzunguko. Chipu inahesabu mipwito. Inapofika namba iliyopewa, inapasua. Nguvu ileile inayoelekeza sindano ya dira ya nahodha ndiyo iliyolipa guruneti hili hesabu yake. Sina kinyongo kusema kwamba huo ni uhandisi mzuri sana, hata kama kazi iliyofanyiwa ni ya kuua.

Akili na baruti ndani ya kopo moja

Sasa angalia ndani ya hicho kipande cha milimita 25. Kinapaswa kubeba chipu, kihisi, chanzo cha umeme, kinga za kukizuia kisipasuke mkononi au mara tu kinapotoka kwenye mtutu, baruti ya kupasulia, na gamba la chuma litakalogeuka vipande. Vitu vya mwanzo hawezi kupunguza mtu yeyote. Ukiondoa kimoja, guruneti linakuwa jinga au hatari. Kinachobanwa kila mara ni viwili vya mwisho, na hivyo viwili ndivyo silaha.

Hesabu yake ni ya darasani. Ukubwa wa ndani wa kitu hukua kwa kipenyo kizidishwe chenyewe mara tatu. Ukichukua maguruneti mawili ya umbo moja, la milimita 25 na la milimita 40, la pili si kubwa kwa nusu zaidi tu. Ujazo wake ni zaidi ya mara nne ya lile la kwanza. La milimita 20 likilinganishwa na la 40 ni moja kwa nane. Hapo unaelewa kwa nini XM29 ilianguka, kwa nini kupanda hadi milimita 25, ambako karibu kuliongeza nafasi maradufu, kulionekana ukombozi, na kwa nini bado hakukutosha kuondoa shaka.

Hoja ya watetezi ilikuwa kwamba guruneti dogo linalopasuka mahali sahihi lina thamani kuliko kubwa linalopasuka pasipofaa. Ni hoja ya kweli. Ila inadai usahihi usioteleza. Kosea umbali kwa mita mbili tatu na hutakuwa na baruti ya ziada ya kukufichia kosa.

Miezi ya Afghanistan

Mwishoni mwa mwaka 2010 silaha tano za mfano zilipelekwa Afghanistan kwa askari wa Divisheni ya 101. Hazikupelekwa kupigwa picha. Hadi Februari 2011 zilikuwa zimefyatua maguruneti 55 katika mapambano tisa. Taarifa za jeshi zilisema zilivunja mashambulizi mawili dhidi ya vituo vya walinzi, zilimjeruhi mpiga bombomu mmoja akaitupa silaha yake na kukimbia, na zilisambaratisha maficho manne ya kuvizia.

Askari waliokuwepo walieleza jambo ambalo naliona la maana kuliko idadi hizo. Mapambano ambayo zamani yangechukua robo saa au zaidi, watu wakirushiana risasi huku wakisubiri ndege, yalikatika kwa dakika chache. Waliozoea kuona ukuta ukiwalinda walishangaa kifo kinatokea juu yao. Wakaondoka.

Kwa hiyo haikuwa ndoto ya maabara. Katika hali ileile iliyotungiwa, mtu nyuma ya ukuta, umbali wa mita mia kadhaa, askari wenye muda wa kupima, XM25 ilifanya kazi yake. Jeshi likatangaza nia ya kununua zaidi ya 12,000, kila moja ikikadiriwa kuwa dola 35,000, kiasi cha kila kundi dogo la askari wa miguu kupata moja.

Anayebeba

Tatizo ni kwamba askari hakai katika hali moja kutwa nzima.

XM25 ikiwa na darubini yake ilikuwa na uzito wa pauni 14, zaidi ya kilo 6. Bunduki ya M4 ni nusu ya hapo. Mtu aliyekwisha vaa fulana ya kinga, kofia ya chuma, redio, maji na chakula hawezi kubeba zote mbili akapanda mlima wa Kunar, mkoa wa mashariki mwa Afghanistan. Lazima achague. Ndipo M203 ya kizee inapoonekana kuwa na busara yake: imening'inia chini ya bunduki, na aliyenayo bado ni mpiga bunduki kama wenzake. Mwenye XM25 si mpiga bunduki tena. Kundi la watu tisa limebaki na bunduki nane.

Fikiria kundi hilo linaingia ndani ya boma, mlango kwa mlango. Guruneti la XM25 haliruhusiwi kupasuka karibu na aliyelifyatua. Kinga zake hulizuia mpaka liwe limekwenda umbali fulani. Chumbani, uso kwa uso na mtu, mwenye silaha ya dola 35,000 hana kitu. Anabaki na bastola na kuwategemea wenzake.

Machi 2013 zikatoka taarifa kwamba askari wa Kikosi cha 75 cha Ranger walikataa kuichukua XM25 walipokwenda kuvamia boma lililoimarishwa. Waliitazama, wakapima uzito wake, wakahesabu maguruneti 36 ambayo mtu mmoja angeweza kwenda nayo, wakaamua kwamba faida yake hailipi bunduki moja iliyoachwa nyuma. Hawa si watu wa kuogopa vifaa vipya. Ni miongoni mwa askari wanaopewa vifaa vipya kabla ya wengine wote, na uamuzi wao uliuma kuliko ripoti yoyote ya ofisini.

Kwangu mimi hukumu ilitolewa siku hiyo.

Ajali, kesi, na azimio la mwaka 1868

Mwezi mmoja kabla, Februari 2013, XM25 moja ilimjeruhi askari katika mazoezi ya kufyatua risasi za moto hukohuko Afghanistan. Guruneti moja lilikuwa tayari mahali pake, la pili likasukumwa nyuma yake. Fataki, kile kitufe kidogo cha kitakoni kinachowasha baruti ya kusukumia, ikawaka kabla ya wakati. Silaha ikaharibika na askari akapata majeraha madogo. Kichwa cha guruneti, sehemu yenye kuua, hakikupasuka. Kinga zilizokula nafasi ya baruti zilimwokoa siku hiyo. Silaha zote zikarudishwa kutoka vitani.

Baada ya hapo mradi ukawa kama mgonjwa anayehamishwa wodi. Ratiba zikasogezwa. Mwaka 2016 mkaguzi mkuu wa Wizara ya Ulinzi alikosoa jinsi gharama na muda ulivyoachwa kupanda. ATK, ambayo baada ya kuungana na kampuni nyingine mwaka 2015 ilikuwa ikiitwa Orbital ATK, ilikuwa ikidai silaha nyingine 20 za mfano kutoka kwa Heckler & Koch. Hazikuja. Februari 2017 ikawashtaki Wajerumani hao ikitaka zaidi ya dola milioni 27. Aprili mwaka huohuo jeshi likavunja mkataba.

Katika ugomvi huo Heckler & Koch ilitoa sababu ambayo wengi hawakuitarajia. Ilisema ilikuwa na wasiwasi kwamba silaha hiyo ingevunja Azimio la St. Petersburg la mwaka 1868.

Azimio hilo lina kisa chake. Mwaka 1863 jeshi la Urusi lilipata risasi iliyopasuka ikigonga kitu kigumu, nia ikiwa kulipua mikokoteni ya baruti ya adui. Miaka minne baadaye ikarekebishwa ikawa inapasuka hata ikigonga kitu laini, maana yake mwili wa mtu. Warusi wenyewe wakashtuka. Serikali ya Mfalme Alexander wa Pili haikutaka kuitumia, wala haikutaka mwingine aitumie, ikayaita mataifa St. Petersburg. Wakakubaliana kuacha kutumia kati yao risasi au kombora lolote lenye kupasuka ambalo uzito wake ni chini ya gramu 400. Hoja yao ilikuwa kwamba lengo halali la vita ni kudhoofisha jeshi la adui, na mtu aliyekwisha pigwa risasi amekwisha dhoofika; kumpasua kwa ndani ni kumwongezea mateso yasiyo na faida. Prussia ilitia sahihi, na Ujerumani ya leo inaubeba wajibu huo. Marekani haikuwemo.

Guruneti la XM25 lilikuwa chini ya gramu 400, tena chini sana. Ukisoma maneno kama yalivyoandikwa, limekatazwa. Lakini hata guruneti la kawaida la milimita 40 liko chini ya gramu 400, na majeshi karibu yote duniani yanalo, ya Ulaya yakiwemo. Kwa desturi ya miaka mingi katazo limekuja kueleweka kwamba linahusu risasi zinazopasukia ndani ya mwili wa mtu. Guruneti linalopasuka hewani halifanyi hivyo. Mimi naona tafsiri hiyo ina msingi, ila sioni kwamba ilikuwa haramu kuuliza. Tofauti ya risasi na guruneti ilikuwa wazi mwaka 1868. Silaha inayofyatua kwa haraka kama bunduki, iliyolengwa kwa mtu mmoja mmoja, inasimama mlangoni kati ya vyumba hivyo viwili.

Kuna swali jingine ambalo kesi ile haikuligusa, na mimi linanisumbua zaidi ya gramu 400. Darubini ya XM25 iliona joto usiku, ilipima umbali, ilijua hali ya hewa. Haikuona ng'ambo ya ukuta. Namba 401 ni makisio ya askari kwamba aliye upande wa pili ni yule aliyefyatua sekunde chache zilizopita. Kuta za Kandahar ni za mashamba na nyumba za watu. Mwenye bunduki akiondoka na mtoto akaja kuchungulia, guruneti litahesabu mizunguko yake vilevile. Watetezi watasema, na hawakosei, kwamba bomu la ndege lingeua wengi zaidi mahali hapohapo. Lakini bomu la ndege huombwa na watu wengi kwa redio na huweza kukataliwa njiani. XM25 ilikuwa uamuzi wa mtu mmoja, ndani ya sekunde chache.

Baada ya X

Korea Kusini ilijaribu njia ileile na kufika mbali kidogo. K11 yake, bunduki na kirusha guruneti cha milimita 20 katika mwili mmoja, iligawiwa kwa idadi ndogo kuanzia mwaka 2010. Ilipata kasoro za kompyuta, ikapata ajali za maguruneti kupasuka, na Desemba 2019 serikali ikaufuta mradi. Ukikumbuka kilichoikuta XM29 kwa milimita hizohizo 20, inahuzunisha kuona fedha na viungo vya watu vikitumika kujifunza somo lililokwisha andikwa.

Haja yenyewe haikufutwa. Miaka michache baada ya kuizika XM25, jeshi la Marekani lilifungua utafutaji mpya, Precision Grenadier System, likitaka tena silaha ya mtu mmoja ya kumfikia aliyejificha, safari hii na kazi mpya ya kuangusha droni ndogo. Miongoni mwa walioleta mifano ni kampuni ya Barrett, na guruneti lao ni la milimita 30. Kwa umbo lilelile, hiyo ni nafasi ya ndani inayozidi ya XM25 kwa karibu robo tatu. Bado itambidi askari aiinue, aiweke begani, na atazame nini ameacha chini ili aweze kuibeba.